Maneno Yako ya Bombani

Kakoba, Mbarara
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Salamu mingi katika Bwana. Kifua kimepoa? Na mdogo wangu Cyiza anakwenda shule, au bado anashinda kwenye foleni ya maji? Mimi ni mzima, nakula, nasali.

Uliniuliza huku chuoni tunafundishwa nini. Ngoja nikuchekeshe. Tunafundishwa kwamba sisi tunaosoma Kiingereza ndio tutakaoendeleza nchi. Eti malengo ya taifa yanatungoja sisi! Mwalimu Musoni anayasema hayo kila asubuhi, tai imemkaba shingo, nasi tunaandika. Mwenzangu Natanaeli amejaza kurasa arobaini juu ya maziwa na maendeleo. Nilipompeleka Bwizibwera wanakokusanya maziwa, wafugaji walimuuliza yakiharibika wafanyeje. Akawajibu kwa Kiingereza kwamba washirikiane na wadau. Wakaendelea kumimina. Hao ndio wakombozi wetu, Mama. Domo tupu!

Lakini kuna mmoja ananichefua kuliko wote.

Unakumbuka tulipowaleta wageni wa mradi wa maji huko kambini Nakivale, mimi nikiwa mkalimani. Ulisimama mbele ya bomba kwa niaba ya akina mama. Ukafanya kama tunavyofanya sisi: ukaanza na shukrani, ukawaombea wageni safari njema, ukawabariki watoto wao usiowajua. Mwishoni kabisa ndipo ukasema bomba limekauka miezi mitano, watoto wanakunywa maji ya ziwa na wanaharisha. Mimi nikatafsiri. Wageni wakapiga makofi, nawe ukapiga.

Cyiza ameniandikia kwamba ulitoa ushuhuda kanisani, kwamba mwanao amefikisha kilio chenu na mafundi wako njiani. Kila asubuhi unafagia fasi watakayoegesha gari.

Mama, acha kufagia. Nilitafsiri shukrani peke yake. Mwalimu Musoni alikuwa ametuonya kwamba wageni wanataka kuona mafanikio, na atakayewapendeza ndiye atakayekwenda Kampala kusoma hotuba mbele ya wakubwa. Ulipofika kwenye bomba, nilisema kwa Kiingereza safi kwamba mnafurahia maji mliyopata. Hicho ndicho walichokipigia makofi. Ripoti imeshakwenda, imeandikwa kwamba mtaa wenu una maji. Na aliyechaguliwa ni mimi, huyo anayenichefua kuliko wote. Naona haya, Mama.

Jana nilimwomba Mwalimu Musoni arekebishe ripoti. Alicheka, akaniambia nisiharibu picha.

Ijumaa nitasimama Kampala. Nitaanza na bomba, na miezi mitano, na watoto. Shukrani zitasubiri mwisho, muda ukibaki. Usiniombee nisifukuzwe chuoni, omba wanisikie. Waambie akina mama ukweli kabla sijafika, wanitukane wanavyotaka. Na wakinifukuza, niwekee bidoni moja ya kuchotea maji. Jumatatu foleni nitapanga mimi, Cyiza aende shule.

Nisalimie mchungaji Rwakabuba na wote wa chumba cha maombi.

Ni mimi mwanao, niliyekufunga mdomo,
Shimwa