Mwito kutoka Jiwe la Kona

12 Februari

Mdogo wangu Tumbiri,

Salamu nyingi kutoka nchi hii tambarare. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ukiacha kikohozi, ambacho siku hizi ni mpangaji mwenzangu.

Nimesoma kwamba mlima wetu umefanywa hifadhi. Nilifurahi, angalau miti itapona. Mpaka leo nikifumba macho naipanda njia yote: mteremko wa mawe mekundu, ukungu unaogoma kuondoka asubuhi, chemchemi chini ya jabali, maji yake yanauma meno. Kisha Jiwe la Kona, ambapo kila aliyetoka safari aliita, na mama akaitika kutoka jikoni huku akiteleka maji ya kumkaribisha. Bado watu wanaita?

Kaka yako

20 Machi

Kaka, shikamoo.

Goti linapiga kelele nikishuka. Nikipanda linanyamaza, kama mnafiki.

Umefurahi? Furaha ya mbali haichubui miguu. Chemchemi imezungushiwa waya. Mimi nachota mtoni, kwenye tope, nikipokezana na ng'ombe wa jirani. Juu ya Jiwe la Kona wamejenga jukwaa la mbao, wageni wanalipia kusimama pale kutazama mandhari. Kumbe mandhari yenyewe ni pamoja na mimi nikilima! Juzi mmoja alinipungia mkono. Nikampungia jembe.

Nani aite? Waliokuwa wakiita wote wamelala nyuma ya nyumba.

Mkuu wa hifadhi amekubali kikao tarehe nne Julai. Atatufungulia kilango cha chemchemi iwapo mkubwa wa familia atakuja mwenyewe kuiombea, maana shamba liko kwa jina lako. Mimi nimesema mpaka mate yamekauka. Ananiita "mama", halafu anatazama saa.

Njoo, kaka.

Mdogo wako

2 Mei

Tumbiri,

Hujambo? Barua yako imenichoma, na ilipaswa kunichoma. Nakuja. Wanangu nao wanataka kuuona mlima niliowachosha nao masikio. Nitaita kutoka Jiwe la Kona, mbao au si mbao. Wewe teleka maji.

Kaka yako

19 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Nisamehe. Daktari alinizuia dakika za mwisho, kifua. Mkuu wa hifadhi nitamwandikia, naye ataelewa. Subira yavuta heri. Nakuwaza hapo chini ya bati lako jipya la bluu, na moyo unanituma huko. Niandikie, mlima ukoje msimu huu?

Kaka yako

11 Agosti

Kaka, shikamoo.

Habari za goti sitakupa.

Bati la bluu niliezeka Juni. Sikukuandikia habari zake, wala hakuna mwingine wa kukuandikia.

Lakini sikungoja bati linishtue. Siku moja kabla ya kikao niliona watu jukwaani. Mmoja mzee, kofia nyeupe, anautupa mguu wa kushoto nje kama baba. Nikaacha jembe pale pale, nikakimbia jikoni, na goti hili, nikateleka maji. Nikasimama mlangoni, koo tayari kuitika. Nikajiambia, anatafuta pumzi, mlima umemshinda. Wanao walikuwa wanapiga picha. Maji yakachemka. Yakaanza kukauka. Nilipochungulia tena, jukwaa lilikuwa tupu.

Kesho yake nikaenda kikaoni peke yangu. Mkuu akauliza, "Mama, mkubwa yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko njiani." Tukakungoja. Akatazama saa. Kilango hakitafunguliwa tena.

Nimejiuliza kama ulilionea aibu jiko langu mbele ya wanao, au ulijionea aibu mwenyewe mbele yangu. Nimeacha kujiuliza. Kuita hakukuhitaji hata kushuka.

Unataka kujua mlima ukoje msimu huu. Umeuona, kaka, tena kutoka mahali wanapolipia.

Mdogo wako,
aliyemo kwenye picha zenu