Silikoni ya Dirisha la Mama

Jumamosi, Makole. Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limenikalia hadi kwenye meno.

Leo nimebadilisha silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, kwenye dirisha la chumba cha Mama. Ya zamani ilikuwa imekauka na kuachia fremu, upepo ukawa unapita kwenye nyufa ukipiga mluzi. Mama anakohoa kwa vumbi. Nilimleta kuishi nami tulipomaliza kumzika Baba kijijini, huko Mpwapwa, na sitaki nyumba yangu imuumize.

Kazi yenyewe si ngumu. Nilibandua ya zamani kwa kisu, nikafuta fremu, nikaiacha ikauke, kisha nikakamua mpya na kuilainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Mama alikuwa kitandani akinitazama. Aliuliza mara moja tu kama nitaziba kote. Nikamwambia kote.

Nilipomaliza, chumba kikanyamaza. Nje mwarobaini wa jirani ulikuwa unainama kwa upepo, ndani kimya. Nikajisifu.

Kisha mluzi ukalia nyuma yangu.

Haukutoka dirishani. Ulitoka pembeni mwa kabati, mfupi, wa kupanda, kama wa mtu anayeita ng'ombe wake. Nikakagua mlango, jiko, bomba la bafuni. Hakuna kitu. Niliporudi ukalia tena, safari hii karibu na kitanda.

Mama hakushtuka.

"Baba yako alikuwa humu ndani," akasema taratibu. "Umemfungia, mwanangu."

Ningependa kuandika kwamba nilimweleza habari za upepo. Sikuweza. Nilichukua kisu nikaichana silikoni kwenye kona ya juu, hata haijashika. Pazia lililokuwa limetulia likavutwa kuelekea kwenye kioo, kama mtu kapita karibu yake. Kisha likarudi.

"Nenda salama, mume wangu," Mama akasema.

Halafu akalia. Msibani hakulia, wala kaburini. Amelia leo, kichwa mapajani mwangu, mpaka usingizi ukamchukua.

Sasa ni jioni, bado amelala. Vumbi linaingia kwenye ile kona. Mluzi sijausikia tena, ingawa nimekaa hapa muda wote nikiutegea sikio.

Silikoni iliyobaki inatosha kuziba. Mama ameshamuaga. Mimi je, nitaweza kuiziba kona ile kabla sijamuaga?