Hindi Ulilolivisha Mfuko

Mpendwa Mama Nanjala,

Salamu ziwafikie wote huko uliko, na uwaambie kwamba mume uliyemwacha Kitale ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote, kutoka Mlima Elgon mpaka Malaba. Bahati yangu si ya mali, ni ya kichwa. Wengine wamesoma mpaka wakavaa miwani. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kile ulichonionyesha kwa hindi moja nilikishika papo hapo, chai haijapoa. Hadithi hiyo nimeisimulia soko la Chwele, nikaisimulia Kamukuywa, nikavuka nayo Uganda nikiuza vitunguu. Watu husema, "Huyu bana, angesoma angekuwa daktari." Mimi nakubali tu. Nani anakataa sifa?

Unakumbuka mwaka ule wa njaa. Sisi watu wa Kitale, wa kulisha nchi nzima, tukapanga foleni kupewa mahindi ya njano ya msaada! Siku ya kwanza uliposonga ule ugali nilikuuliza kama umepika keki ya harusi. Ulicheka mpaka ukashika tumbo, na tumboni alikuwamo yeye. Akazaliwa njaa haijaisha, tukamwita Nanjala.

Mkunga alipomfunua, wanawake wote chumbani waliinama kumtazama. Nywele zake kama nywele za hindi changa, ngozi kama maziwa, macho yanakimbia mwanga. Na wewe mweusi, mimi ndio kabisa. Si wewe ulikuwa unanitania ati nikiingia jikoni moshi unaniuliza njia? Wakamwita zeruzeru kabla hajamaliza siku saba. Neno likatembea. Ulikuwa kibarua kwenye shamba la mbegu na msimamizi wenu alikuwa mzungu, basi hesabu ikafanywa haraka. Jirani yetu Mama Wafula akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Si mtoto amefanana na kazi ya mama yake?"

Hukuacha kupepeta maharagwe. "Karibu chai, Mama Wafula. Ulimi ukikauka sana unapasuka."

Loo, nilikupenda siku hiyo.

Halafu mama yangu akaja kutoka Tongaren, akasimama mbele ya watu wote. "Mtoto wa watu amekula mahindi ya njano miezi mitano, mlitaka azae makaa?" Wakaamini, bana! Kila mwenye mimba kuanzia kwetu mpaka mtoni akakataa ugali wa njano. Waume wakaula peke yao, wananilaumu mimi.

Wewe hukucheka. Ulingoja mama aondoke ukaniambia, "Mimi sitaki kuokolewa na ugali. Nataka wewe uniamini." Nikakujibu, "Mimi sina neno," nikamvisha mtoto kofia niliyomnunulia Chwele. Kofia nzuri sana, kumbuka, ya ukingo mpana.

Kumbe ulikuwa umeficha konzi moja ya yale mahindi ya msaada. Ukayapanda nyuma ya jiko, karibu na mahindi yetu meupe. Tulipovuna, mahindi yetu yakatoka madoadoa, punje nyeupe na za njano kwenye gunzi moja. Ukachagua zile punje za njano tu, ukasema hizi baba yao ni wa njano na mama yao mweupe. Mwaka uliofuata ukazipanda peke yake. Zilipokaribia kutoa maua ukaja na mifuko ya karatasi kama ile ya kazini kwenu, ukafunika maua ya juu, ukafunika na mahindi machanga kiunoni.

"Mama Nanjala, mahindi yanaumwa meno? Mbona umeyafunga vichwa?"

"Nimeyafunga yasizini."

Ukakung'uta vumbi la ua la mmea mmoja, ukalimwaga kwenye nywele za mmea mwingine, ukafunga tena kwa kamba. "Huyu mume, huyu mke. Jirani haingii, upepo hauingii."

Siku ya kuvuna uliniketisha mezani. Nanjala alikuwa na miaka miwili, amekaa kivulini na kofia yake, anachezea maganda. Ukamenya hindi mbele yangu. Mistari ya njano, na katikati yake punje nyeupe zimetawanyika kama meno ya maziwa.

"Baba yake wa njano," ukasema. "Mama yake wa njano. Hawa weupe wametoka wapi?"

"Upepo."

"Nilifunga mfuko, Baba Nanjala."

Ukanieleza polepole, kidole chako kwenye punje. Kwamba kila punje inapewa mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Njano ina nguvu. Ikiwa hata fungu moja tu, inafunika. Nyeupe ni mpole, inakaa chini ya njano kimya, inaweza kupita kwa babu na mjukuu asiione mtu. Lakini siku fungu jeupe la baba likikutana na fungu jeupe la mama, hakuna wa kulifunika, linatoka nje. Kila punje nne, karibu moja. "Mweupe hakutoka kwa jirani. Alikuwa ndani, kwa wote wawili. Kwako na kwangu."

Nikapiga meza. "Nimeelewa!"

Uliweka hindi mezani, ukalia. Tangu siku hiyo ukawa unaimba ukienda kazini.

Nanjala sasa yuko kidato cha pili. Anakaa dawati la mbele kwa ajili ya macho, na matokeo pia ni ya mbele. Akili ni zako, mdomo ni wangu. Wiki iliyopita alikuja na karatasi. Mwalimu amewaambia wachore ukoo wa pande zote mbili, na yeye ameamua kutia rangi kila aliyezaliwa kama yeye.

"Upande wa Mama nimeuliza, hakuna anayekumbuka," akasema. "Kwenu, Baba, alikuwako nani?"

Nikafanya mzaha. Hakucheka. Ana lile jicho lako la kungoja.

"Andika Nasimiyu," nikasema. "Dada ya nyanya yako wa Tongaren. Walimficha nyumbani mpaka akafa."

Akachora duara, akalipaka rangi taratibu. Halafu akauliza, "Mama alijua?"

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Hindi lako bado linaning'inia juu ya jiko, limekuwa jeusi kwa moshi lakini panya hajaligusa. Pumzika kwa amani, mke wangu, na ukimaliza kusoma unikasirikie kidogo tu, kama zamani.

Nanjala hajafikisha mwezi, nilikuaga nikasema naenda kununua vitunguu. Nilienda Tongaren kumuuliza mama kama nikurudishe kwenu. Ndipo aliponiambia habari za Nasimiyu, kisha akaja kutufunika kwa ugali. Mimi nikapitia Chwele, nikarudi na kofia, nikafunga mdomo, nikakuacha usemwe miaka miwili.

Sikuelewa haraka siku ile, Mama Nanjala. Nilikuwa najua.

Mume wako,
Baba Nanjala