Kibanja cha Mama Kwenye Mfumo

Jumanne, Kahororo, Bukoba

Programu nimeitengeneza mwenyewe, na imenianika mimi mwenyewe.

Kampuni yetu ya kahawa inataka wakulima wasaidiane kwa simu: mmoja anatuma picha ya mmea mgonjwa, wengine wanautambua ugonjwa. Leo, bosi akiwa amesimama nyuma yangu, nilijaribu kwa picha ya migomba kwenye kibanja cha mama kule Muleba, shamba la ndizi na kahawa linalozunguka nyumba. Jina sikuweka.

Majibu yalimiminika. Ugonjwa hakuna aliyeutaja.

"Hicho si kibanja cha Mama Koku?" aliuliza wa kwanza.

"Ondoeni kwanza hayo majani makavu! Mgeni akija, aibu hiyo mtaificha wapi?"

"Koku mwenyewe yuko Bukoba anachezea kompyuta," akaandika jirani yetu, na wote wakamuunga mkono.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Koku, mbona mfumo unafanya kazi vizuri? Tatizo wamelipata."

Kanipa ruhusa niende Jumamosi nikasafishe kibanja. Sawa, nitaenda. Bosi hanisumbui, majirani nao wamezoea kusema.

Ila mama naye nilimsajili kwenye programu. Hajaandika neno, hajapiga simu. Mfumo unaonyesha ameshasoma yote.