Visu vya Komande

Jumapili, tarehe 4

Sijamwambia mtu hata siku moja: nina visu tisa. Vyote vya kukunja. Viko ndani ya godoro langu, upande wa ukuta, pale nilipofumua uzi. Mama yuko kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Uongo. Nimevitoa, nimevipaka mawese, nimevifuta kwa soksi. Kisu si kitu cha msichana, najua. Sikati chochote. Navifungua, navifunga. Basi.

Saba ni vya mashini, vimetoka Bujumbura. Viwili ni vya mkono, vya Papa Sifa, mhunzi wa mtaa wa Kimanga. Bapa la ressort, ile springi ya lori, mpini wa pembe ya ng'ombe. Mwaka jana nilivicheka. Vizito, nikasema, vya kizamani. Sasa naona kinyume. Vile saba vinafanana kama wanafunzi mstarini. Aliyevitengeneza hakunifikiria. Papa Sifa alipima kiganja changu kwa kamba kwanza, akasema, "Mukono kadogo hivi, bwana yako atakula ugali na nini?"

Jumatano, tarehe 7

Milio ya risasi milimani. Mwalimu ameturudisha nyumbani saa nne. Nikapita kwa Papa Sifa. Kwake naweza kuongea kidogo, maana anaangalia chuma, haniangalii mimi.

Hana wateja. Watu wananunua vya mashini sokoni. Nikamwambia Kifaransa chetu cha shule kina jina la kazi yake: couteau sur commande. Kisu cha mtu aliyekiagiza mwenyewe. Akalipenda. "Komande," akasema. "Hiyo iko neno ya ofisi." Hajui kusoma. Akaniomba nimwandikie kibao. Rangi nyekundu, herufi kubwa: VISU VYA KOMANDE. Akakipigilia juu ya mlango.

Nimejivuna. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa barabarani.

Jumamosi, tarehe 10

Jirani anayevuka mpaka kila wiki ameleta kisu kipya. Cheusi, chembamba, cha inox, chuma kisichoshika kutu, kina kifungo ndani ya mpini. Ukikifungua kinalia kla, na hakirudi mpaka ubonyeze. Papa Sifa hawezi kutengeneza hicho. Nimetoa viwili vyake, nikapewa hicho kimoja.

Nimerudi kwa njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Wiki moja haijaisha. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumanne, tarehe 13

Askari waliokuwa hapa mwanzo waliondoka jana kwa barabara ya Makobola. Wengine wameingia. Hatujui lugha yao vizuri. Shule imefungwa. Mama ameficha redio.

Alhamisi, tarehe 15

Nataka kuandika yote, bila kujitetea.

Mama alinituma chumvi. Kwa Papa Sifa palikuwa na askari watatu. Mkubwa wao alikuwa anasoma kibao, polepole. "Visu vya Komanda. Komanda gani?"

Papa Sifa alicheka. Alidhani ni mzaha. "Hapana komanda, shefu. Komande. Muntu anakuja, anasema nataka hivi, minye namutengenezea."

"Jina yake."

"Iko watu wengi, shefu."

"Wangapi?"

Kila aliposema komande, wao walisikia komanda. Alilisema labda mara kumi. Kila mara alizidi kuzama.

Kisha wakauliza nani aliandika. Tulikuwa watu kama ishirini tumesimama. Aliangalia watu. Macho yake yalifika kwangu, yakanipita kama mtu anavyopita mti. "Ni minye niliandika," akasema.

Wakampa kipande cha mkaa, wakamwambia aandike tena ukutani. Akaushika mkaa kama anavyoshika patasi. Akachora mstari mmoja. Wakaanza kumpiga kwa uongo huo.

Mimi nayajua maneno yote mawili. Commande, kuagiza. Commandant, kamanda. Mtoto wa darasa la nne anayajua. Ilikuwa sentensi moja tu. Kisu cheusi kilikuwa kiunoni, chini ya kitenge, na nilichofikiria ni hicho: wakinipekua? Nilikikaza kitenge. Wakamchukua. Nikanunua chumvi.

Jumapili, tarehe 18

Mama Sifa, mke wake, amekuja kwetu. Anatafuta mtu wa kumweleza mkubwa wa askari kwa Kifaransa. Anasema huyo anakielewa.

"Huyu wangu anakijua," Mama akasema, "lakini hata kuomba moto kwa jirani anaona haya."

"Basi tumutume aende akamulilie," Mama Sifa akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha uchovu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka.

Jumatatu, tarehe 19

Nimekifungua kile cheusi. Kla. Nilidhani sasa kitakuwa kibaya. Si kibaya. Bado nakipenda. Hilo ndilo linanichukiza.

Jumatano, tarehe 21

Amerudi. Vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa, vyote isipokuwa kidole gumba. Tulienda kumpa pole. Aliniuliza kama shule itafunguliwa. Mama Sifa akauliza mbele yetu sote: hicho kibao, nani alikuandikia?

"Muntu alipita tu," akajibu. "Hakuwa wa hapa."

Aliangalia chini, alivyozoea, lakini mapajani hapakuwa na chuma. Nilikula karanga tulizopewa.

Ijumaa, tarehe 23

Mvua asubuhi, sasa jua. Nimeandika hapa: ni mimi. Nimeandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nimeamua kuacha daftari wazi mezani, Mama alisome mwenyewe, ili nisilazimike kusema. Mama Sifa anakuja naye leo, wameenda pamoja kutafuta majani ya kukanda ule mkono. Watajua wote wawili. Ni vizuri. Nimeshaliweka katikati ya meza.

Kandambili zinalia uwanjani. Jozi mbili. Mama anapangusa matope kizingitini, anasema kitu, Mama Sifa anajibu.

Nalificha daftari.