Mfalme wa Mistari Mitatu

Kericho, 6 Mei 1934

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo stesheni ya Kipkelion, na kwamba kikohozi cha moshi wa treni kimepungua. Mimi ni mzima. Mwalimu Ogari na Mama Phelis wananitunza kama mtoto wao. Mama Phelis anasema nimenenepa, ingawa sketi yangu haisemi hivyo.

Baba, nina ombi. Hapa shambani kuna chama cha sataranji. Hukutana kila Jumamosi alasiri, majani yakishapimwa, katika banda la zamani la kunyaushia chai. Aliyewafundisha ni Fundi Kalyan, seremala Mhindi wa kiwandani, mzee mpole asiye na meno ya mbele. Kepher karani huandika mahudhurio. Nyang'au wa mizani hucheka watu. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikitazama tu, mpaka Nyang'au akasema, "Mtoto huyu ametazama mpaka mlango umemzoea. Mpeni kiti." Wakanipa kiti na chai ya maziwa.

Kanuni yao ni moja. Kila mwanachama huchonga mfalme wake mwenyewe, na akihama shamba huondoka naye. Mimi sijachonga wangu bado, kwa hiyo Fundi amenitolea wa zamani kutoka mkebe wa biskuti. Ni mweusi kwa kushikwa, na chini yake pana mistari mitatu iliyokatwa kwa kisu.

Naomba ruhusa yako. Hesabu zangu hazitashuka.

Mwanao,
Elmina


Kipkelion, 14 Mei 1934

Mwanangu Elmina,

Nimepokea barua yako kwa furaha. Kikohozi kipo, lakini tumezoeana. Mama yako kule Nyakach ni mzima, na ng'ombe amezaa.

Nimesoma ombi lako mara mbili. Kama hakuna kamari wala pombe, na Mwalimu Ogari anakubali, mimi sina neno. Nakumbuka ulipokuwa mdogo ulipanga mawe uani na kuyagombanisha siku nzima. Cheza, lakini usimcheke mtu mzima ukimshinda.

Jambo moja. Ile mistari mitatu, ule wa katikati ni mfupi kuliko wenzake?

Baba yako,
Otiende


Kericho, 27 Mei 1934

Baba mpendwa,

Asante sana kwa ruhusa. Sisi hapa wazima, ila mvua haikomi na nguo hazikauki.

Ndiyo, wa katikati ni mfupi. Nimeweka karatasi juu yake na kusugua kwa makaa, uone mwenyewe.

Sasa nikueleze kuhusu mtu ninayecheza naye. Mimi hukaa meza ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Ukungu ukipanda kutoka bonde la Soin, yeye huja na kukaa mbele yangu. Amevaa gunia kama koti, na shingoni ana kibati cha chuma chenye namba. Chai hanywi. Hucheza polepole, kwa mkono wa kushoto. Nikifanya haraka husema, "Usikimbie, binti. Maji huchotwa kwa kuinama."

Jumamosi ya pili aliniuliza, "Dorcus bado anaimba akipepeta wimbi?" Baba, sijamtajia mtu yeyote hapa jina la Mama. Akauliza tena njia ya Nyakach. Nilimwambia ashuke Soin, aufuate mteremko mpaka aone ziwa. Akasema, "Nashuka kila siku. Ukungu hunirudisha juu."

Jana nilichungulia kitabu cha Kepher. Kwa Jumamosi zote ameandika hivi: Elmina, anajifundisha peke yake. Nikamwambia amemsahau mgeni wangu. Kepher akamtazama Nyang'au. Nyang'au hufanya mzaha hata kanisani, Baba, lakini jana alitazama kile kiti tu, kisha akaenda kukaa karibu na moto.

Mwanao,
Elmina


Kipkelion, 4 Juni 1934

Elmina,

Mimi mzima. Usiende tena kwenye banda lile. Mfalme yule mrudishie mwenyewe.

Baba yako,
Otiende


Kericho, 17 Juni 1934

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Barua yako ilikuwa fupi mno, nikadhani una homa.

Nimetii. Jumamosi mbili nimebaki jikoni kwa Mama Phelis, na mfalme nilimrudishia Fundi Kalyan. Alimpokea kwa mikono miwili. Nilimuuliza ni wa nani. Akasema wakati wa vita vya Wajerumani alikuwa seremala wa kambi ya wapagazi, na jioni alifundisha vijana sataranji ili wasiwaze njaa. Kila mmoja alichonga mfalme wake. Kulikuwa na kijana mmoja, hodari kuliko wote, waliyemwita Nyanza tu. Asubuhi moja ya ukungu alikwenda mtoni kuchota maji, asirudi. Walimtafuta siku tatu. "Wote waliohama walichukua wafalme wao," Fundi alisema. "Yeye hakuchukua. Miaka kumi na saba namtunzia."

Jana nilikuwa nachambua maharagwe mezani. Ukungu ukaingia kwa dirisha, nikaenda kulifunga. Niliporudi maharagwe yalikuwa yamepangwa vilevile mchezo wetu ulivyokuwa umefikia, meupe kwangu na mekundu kwake, na jekundu moja lilikuwa limesogezwa. Zamu ilikuwa yangu. Mama Phelis alikuja akanigombeza kwa kuchezea chakula.

Siogopi sana. Namhurumia. Baba, huyu mtu ni nani kwetu?

Mwanao,
Elmina


Kipkelion, 30 Juni 1934

Mwanangu Elmina,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Ni kaka yangu Okoth. Mistari hiyo aliikata kwenye mpini wa kila jembe letu. Alichukuliwa upagazi mwaka wa 1917, mwaka mmoja tu baada ya kumuoa mama yako.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunachukua tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu. Tunalifunga katika blanketi na kulizika nyumbani kwake. Kisha mtu wa tumbo moja naye huinama juu ya shimo, amwite kwa jina na kumwambia kwamba amefika nyumbani. Bila hivyo hajui.

Mimi ndiye niliyepaswa kumwita. Lakini nilikuwa nimebatizwa mwezi uleule, na wenzangu wa darasa la ubatizo walikuwa wamesimama nje ya ua wakitazama. Niliona haya kuzungumza na tunda. Nililiweka shimoni kimya, nikafukia. Bibi yako Apiyo alikuwa amekaa mbali na wanawake. Akaniuliza, "Umemwita?" Nikasema ndiyo.

Kuna jingine. Kwa desturi mama yako alibaki mikononi mwangu, ndipo ukazaliwa wewe. Mtoto anayezaliwa hivyo ni wa yule aliyekufa. Nyumba uliyozaliwa ni ya Okoth. Sikukuambia, kwa kuwa nilipenda unavyoniita.

Nimeomba likizo niende Nyakach, wameniambia nisubiri mwisho wa Julai. Sikulazimishi kitu. Lakini wewe ni mtu wa nyumba yake, na maneno unayajua sasa.

Otiende


Kericho, 15 Julai 1934

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, nimelia na nimemaliza.

Jana nilirudi. Fundi alinipa mfalme bila kuuliza. Ukungu ulipopanda mgeni wangu alikuwa ameshakaa. Koti lake la gunia lilikuwa likidondosha maji, ila sakafu ilikuwa kavu. Nilisogeza askari wangu mmoja, kisha nikainama kama ulivyoniambia na kusema, "Okoth, mwana wa Apiyo, umefika nyumbani."

Aliinua macho kutoka ubaoni. Banda zima liligeuka kunitazama. Sijui wenzangu walisikia nini.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Otiende."

Akacheka. "Amechelewa. Siku zote alichelewa, hata kuja kula." Kisha akanitazama vizuri, kama mtu anayesoma. "Una paji la uso la Dorcus. Endelea kucheza, binti. Farasi wako bado anachechemea."

Alinyanyuka akatoka kwa mlango wa nyuma. Ukungu uliteremka naye kuelekea Soin, safu za michai zikitokea nyuma yao moja baada ya nyingine, na jua likawaka.

Mfalme hakuwepo mezani. Kepher alitambaa chini ya meza akimtafuta. Fundi Kalyan akamwambia, "Acha. Amehama, ameondoka na mfalme wake. Ndiyo kanuni." Kepher akafungua kitabu, akafikiri, kisha akaandika: Mgeni mmoja, amehama. Nyang'au alinimiminia chai, na kikombe kingine akakiweka kwenye kile kiti.

Wamenipa kipande cha mti nichonge mfalme wangu.

Mwanao,
Elmina


Nyakach, 29 Julai 1934

Elmina,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako ni mzima, ndama amekua. Likizo nimepata siku nne.

Barua yako niliifungulia garini. Nilipofika sikusubiri. Nilimwambia mama yako yote, hata uongo wangu kwa bibi yako, kisha nikachukua jembe kwenda kulifukua shimo lile la tunda. Nyasi za pale hazikuwa zimeguswa. Mizizi yake ilishikana hata nikalazimika kuikata kwa panga.

Blanketi lilikuwa limebaki nyuzi tu. Tunda lilikuwa vumbi. Juu ya vumbi hilo alisimama mfalme mdogo mweusi, mkavu, hana hata chembe ya udongo. Nilimgeuza. Mistari ni mitatu, wa katikati mfupi.

Niliinama nikamwita, mbele ya majirani na mbele ya mzee wa kanisa. Sikuona haya. Kisha nilimrudisha mfalme alipokuwa, nikafukia. Mama yako alikaa kando yangu hadi jua likashuka. Alipoingia ndani alichukua ungo, nikamsikia akiimba. Miaka mingi sijausikia wimbo ule.

Mfalme wako ukimaliza kumchonga, mkate alama yako mwenyewe chini.

Nimekaa na kalamu hii muda mrefu, nikifikiri mwishoni niandike nani. Nimeandika ukweli. Utakaloniita wewe, nitaitika.

Baba yako mdogo,
Otiende