Mguu wa Rahma Hauhitaji Kisu

Jumapili, Hedaru. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la barabarani limeingia hadi kwenye sufuria, na mimi sielewi kama leo nimefanya jambo la maana au nimemponza mwanangu.

Rahma ana miezi saba. Alizaliwa nyayo zimepindia ndani. Kaka yangu Hamza, muuza vipuri hapa stendi, akaunda kamati ya mchango utadhani tunamwoza: mwenyekiti yeye, mweka hazina, kundi la WhatsApp. Akatuma picha ya miguu na maneno "upasuaji wa mtoto wetu". Watu wakachanga, hadi madereva wa malori.

Kumbe hospitali, kule Moshi, wakasema hakuna kisu. Ni plasta, inabadilishwa kila wiki, miguu inanyooka taratibu. Ukikatisha, inarudi ilikotoka. Plasta hatulipii. Tunalipia nauli na pa kulala, na huko ndiko michango yote ilikoishia.

Nilifurahi mpaka nikalia.

Hamza akaniambia, "Zuhura, usiliguse lile tangazo. Watu wanachangia kisu, hawachangii nauli." Nilimkasirikia. Lakini nikanyamaza, na kila aliyeniuliza "upasuaji lini?" nilimjibu bila kumtazama usoni.

Leo baada ya adhuhuri nimeshindwa. Nimetuma picha ya Rahma na plasta zake, nikaeleza kila kitu, na nauli nikaitaja.

Majibu yamekuja mbio. Mashallah. Hongera mama. Alhamdulillah, mtoto kapona. Mweka hazina, mzee mwema kabisa, akahitimisha: "Basi tumshukuru Mungu, tufunge mchango. Tuna msiba kule Ndungu."

Wote wakaafiki.

Neno nauli hakuna aliyeliona. Nimeliandika mara ya pili nikalifuta, maana watu walikuwa wanashangilia na mimi naonekana ombaomba. Nimkasirikie nani? Wametoa kwa moyo, na wamefurahi kwa moyo.

Hamza hakunisuta. Amekuja, akambeba mpwawe, akagonga plasta kwa kidole kama anayebisha hodi, akaondoka. Afadhali angenifokea.

Hivi ukweli wangu nimeusema kwa ajili ya Rahma, au kwa ajili ya haya zangu mwenyewe? Sijui, jamani. Sijui kabisa.

Jumanne ni siku ya plasta. Tutakwenda. Nauli ya kwenda ninayo.